Kijiko Kilichonyamaza

Mama Mikate alianza kuungua mikono, na mtu wa tanuri akianza kuungua mikono ujue akili yake haiko tanurini. Wenzake pale kiwanda cha mikate walimjua kwa kushika trei za moto kama anayeshika nguo zake mwenyewe. Sasa moyo unamwenda mbio hali amekaa, usingizi umemhama, na ukimwita ghafla anaruka kama paka aliyemwagiwa maji.

Sababu yake haikuhitaji ramli. Nyumbani alikuwa na mama mkwe aliyepooza upande mmoja. Mumewe ni dereva wa lori la safari ndefu, leo yuko, kesho hayuko, na hata akiwepo ni kama mgeni anayependa kulala. Bibi akili yake ilikuwa nzima, ila sauti ilibaki ndogo, haivuki pazia. Ndiyo maana walimpa kijiko na kikombe cha bati. Akitaka maji, anagonga. Akitaka kugeuzwa, anagonga. Haja ikimbana, anagonga mfululizo kama mvua ya mawe juu ya paa. Mama Mikate aliusikia mlio ule kichwani hata akiwa kazini, katikati ya mashine za kukandia unga.

Alitaka kitu kimoja tu: wifi yake ashike zamu. Siku bibi anatoka hospitali walikubaliana mbele ya ndugu wote, mwezi huku, mwezi kule. Ndugu wakaitikia, wakanywa chai, wakatawanyika. Miezi ikapita, bibi yuko huku tu. Kule ilikuwa ni kusubiri mpaka chumba kipakwe rangi, halafu mpaka rangi ikauke, halafu mpaka wageni waondoke.

Wifi mwenyewe watu walimwita Bi Mizizi. Alikuwa anauza unga wa mizizi na majani makavu ndani ya makopo safi yenye vifuniko vya kijani, dawa za kuupa mwili nguvu ya kuhimili mawazo. Mdomo wake ungeweza kumuuzia kipofu kioo. Siku moja alipopita kusalimia, Mama Mikate akamkalisha jikoni.

"Wifi, mimi nimechoka. Mchukue mama hata mwezi huu mmoja."

"Pole, wifi yangu. Hebu toa ulimi."

"Ulimi wa nini?"

"Wewe toa." Bi Mizizi akautazama, akatikisa kichwa kama daktari. "Nilijua. Hapa tatizo si mama, tatizo ni mawazo. Wangapi wanauguza na hawarukiruki kama wewe? Mwili wako umekosa kinga." Akatoa kopo kwenye mkoba. "Kijiko kimoja kwenye maji moto, asubuhi na jioni, na majani ya mrehani juu yake. Hii haikuondolei mzigo, wifi. Inakupa mgongo wa kuubeba."

"Mgongo ninao. Ninatafuta mtu wa kushika upande wa pili."

"Jaribu kwanza. Isipokutuliza nakuja kumchukua mwenyewe. Mama ni mama yangu, au siyo?"

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mama Mikate akalipokea kopo, maana ahadi ilikuwa imetamkwa: isipofaa, bibi anahama. Nyuma ya pazia, kitandani, bibi alikuwa macho, na hakuna aliyekumbuka kwamba aliyepoteza sauti hakupoteza masikio.

Dawa ilikuwa chungu, inakwaruza koo kama majivu. Mama Mikate aliinywa akiwa na nia mbaya kidogo moyoni, akiombea isifanye kazi. Ikafanya. Wiki haijaisha, usiku ukaanza kuwa usiku. Alilala akaamka mahali palepale alipojilaza. Kijiko kilikuwa kinagonga mara mojamoja tu, tena kwa adabu, kisha hata hiyo mojamoja ikapungua. Mikono ikapona. Akapanda mrehani kwenye debe karibu na mlango.

Hata kumwogesha bibi kukawa kwepesi. "Leo nipanguse uso tu, mkamwana," bibi alikuwa anasema. "Mwili umechoka, uache." Kesho hivyohivyo. Na yeye, Mungu amsamehe, alifurahi.

Bi Mizizi alipokuja akamkuta anaimba.

"Sikukwambia?" Akatoa simu. "Hebu sema maneno mawili, wifi, wateja wangu wasikie."

"Niseme nini, jamani?"

"Ukweli wako. Umekunywa, umetulia."

Mama Mikate akasema. Alisema alikuwa hawezi kulala, sasa analala. Alisema nyumba yake imekuwa na ukimya kama ya bibi harusi. Wakacheka wote wawili. Bi Mizizi akairudisha simu mkobani, akasimama.

"Basi mama abaki palepale. Kumhamisha mgonjwa aliyezoea kitanda chake ni dhambi."

Mama Mikate akamsindikiza mpaka mlangoni. Shahidi wa upande wa pili alikuwa yeye mwenyewe, tena kwa sauti yake.

Ikafika siku tanuri liliharibika, wafanyakazi wakarudishwa nyumbani mapema. Kulikuwa na joto kali. Aliposogeza pazia akakutana na harufu, si ya haja, ni nyingine. Kikombe kilikuwa kimejaa maji vilevile alivyokiacha. Midomo ya bibi ilikuwa imepasuka kama udongo wa kiangazi. Akamgeuza kwa nguvu, bibi akikataa kwa mkono ule mmoja, na pale chini ya kiuno akakiona kidonda, kimechimba.

"Mama. Kijiko kiko wapi?"

Kijiko kilikuwa chini ya mto, kimeviringishwa kitambaa ili kisilie.

"Kwa nini hukuniita?"

"Ulikuwa umeanza dawa," bibi akanong'ona. "Nikasema na mimi niisaidie. Dawa ya kutuliza haitafanya kazi penye kelele."

"Na maji hunywi kwa nini?"

"Ukinywa maji lazima baadaye uite mtu." Akajaribu kucheka kwa upande wa uso uliobaki. "Ulikuwa unakoroma vizuri, mwanangu. Sikutaka kukukatiza."

Mama Mikate aliketi kwenye ukingo wa kitanda na kijiko mkononi. Hakulia. Alihisi uchungu wa ile dawa yote aliyokunywa ukipanda kwa pamoja.

Pale zahanati muuguzi alisafisha kidonda bila maneno mengi. "Ageuzwe kila baada ya muda mfupi, mchana na usiku, na anywe maji. Mchana anashinda na nani?" "Peke yake," Mama Mikate akasema, akatoa simu.

Akampigia wifi yake palepale kwenye benchi, akamweleza yote.

"Pole sana," Bi Mizizi akasema. "Umeshtuka, hayo ni mawazo yanarudi. Ongeza, viwe vijiko viwili. Nitakuletea kopo jingine, hili usilipe."

Mama Mikate akakata simu. Bibi alikuwa amesikia.

"Nipeleke kwake," akasema. "Nimemzaa mwenyewe."

Walikodi gari kutoka zahanati. Sebule ya Bi Mizizi ilikuwa na wateja, wanawake watatu wamekaa na makopo mapajani, na simu juu ya meza inasema kwa sauti ya Mama Mikate mwenyewe: nyumba yangu ina ukimya kama ya bibi harusi. Dereva akasaidia kumlaza bibi kwenye kochi, kiubavu, kidonda kisiguswe. Mama Mikate akamwekea kikombe na kijiko karibu na mkono mzima.

"Zamu yako, wifi. Akihitaji kitu atagonga."

"Leo?" Bi Mizizi akatabasamu kwa ajili ya wageni, akazima simu. "Wifi, huoni watu? Tutaongea baadaye."

Mama Mikate akatoka. Alikuwa amefika kwenye geti aliposikia: ti. Kimya. Halafu: ti, ti. Bi Mizizi ndani alikuwa anaeleza jinsi ya kuchanganya na maji moto. Kijiko kikanyamaza.

Zamani angesema ameitikiwa. Ukimya ule sasa alikuwa anaufahamu. Akarudi.

Bibi alikuwa ameshika kijiko kifuani, amefumba midomo, anawatazama wageni kwa heshima. Kikombe kilikuwa kitupu.

"Dada zangu," Mama Mikate akawaambia wale wanawake, wala hakupaza sauti. "Ile sauti ya kwenye simu ni yangu. Na dawa iliyonituliza ni huyu hapa. Alikaa na kiu mimi nilale. Kama kwenu mna mtu wa kuoza kimyakimya kwa ajili yenu, kopo la nini? Na kama hamna, kopo halitawasaidia."

Mmoja wao akaliweka kopo mezani taratibu, kama linalochoma.

"Umeniharibia," Bi Mizizi akasema huku amebana meno.

"Mama anataka maji."

Wakatazamana. Bi Mizizi ndiye aliyeinamisha macho kwanza. Akakichukua kikombe, akaenda jikoni, akarudi nacho kimejaa, na mkono uliozoea kumimina unga ukawa haujui namna ya kumwinua mgonjwa kichwa. Maji yakamwagika shingoni. Bibi akanywa, akaomba radhi kwa kumwaga.

"Unaniacha, mkamwana?"

"Nakuacha, mama. Gonga. Gonga mpaka majirani wachoke."

Alipofika nyumbani akaung'oa mrehani kwenye debe, kisha akauonea huruma, akaurudishia udongo. Akaingia, akaketi kwenye kitanda kisicho na mtu. Nyumba ilikuwa kimya, ukimya uleule aliousifia kwenye simu, na sikio lake likawa limesimama, likitafuta kijiko.