Baba wa Bwana Harusi Yuko Njiani

Mzee Fulgence wa Msamala, Songea, alikuwa mbishi tangu ujanani, na alipopata simu ya kupangusa ubishi wake ukapata msaidizi. Mwanawe Saimon alikuwa anaoa Mwanza, Jumamosi mchana. Fulgence akaiuliza simu safari ya kutoka Songea ingechukua muda gani. Ikamjibu: saa ishirini na kitu.

"Tutaondoka Ijumaa alfajiri," akamtangazia mkewe, Benigna. "Jumamosi asubuhi tunakunywa chai Mwanza."

"Baba Saimon, hiyo simu haichimbi dawa njiani. Wala haipasukiwi tairi. Mimi naondoka Jumatano."

Na kweli akaondoka, na kitenge chake cha sare na kuku wawili kwenye tenga. Fulgence akabaki anapiga pasi suti huku akicheka peke yake.

Ijumaa basi liliondoka kwa wakati, na hilo likamtia kiburi. Kabla ya kufika Njombe likakohoa, likafuka moshi, likanyamaza. Fundi akaingia uvunguni, na jua likapita utosini Fulgence akiwa juu ya jiwe, suti mapajani. Walipojikokota hadi stendi ya Njombe, magharibi ilikuwa inakaribia. Simu ikaita.

"Baba, mmefika wapi?"

"Dodoma hii, mwanangu. Ndiyo tunaiacha."

Papo hapo mchuuzi akagonga dirisha: "Sweta, mzee! Njombe baridi, chukua sweta!"

Saimon akasema: "Baba, nimesikia Njombe."

"Aa, ni bwana mmoja tuliyekaa naye. Anaitwa Njombe."

Saimon akamtakia safari njema. Fulgence akanunua sweta, nusu kwa baridi, nusu kwa aibu.

Basi likagoma tena mara mbili njiani. Alifika Mwanza Jumapili, jua limeshapanda, shingo imepinda kwa kulala kitini. Kwa wakwe, wanawake walikuwa wakisugua masufuria. Uani, kwenye kiti cha heshima, alikaa mzee mmoja mnene mwenye ua kifuani.

"Habari za hapa, ndugu yangu," alisema Fulgence. "Mimi ndiye Fulgence, baba wa bwana harusi."

Mzee akamtazama juu hadi chini. "Haiwezekani. Fulgence ni mimi. Nilikuja mapema na mke wangu huyu."

Mke wenyewe alikuwa Benigna, ametulia pembeni na sahani ya pilau la jana. Fulgence akamtolea macho.

"Ni Mzee Lushinge, baba mdogo wa bibi harusi," alisema Benigna. "Msukuma, mtani wetu. Kiti kilikuwa kitupu, nikamwazima. Hata hotuba alitoa, kwa Kingoni."

"Anajua Kingoni?"

"Hata neno moja. Lakini alipigiwa makofi."

Ua mzima ukaangua kicheko. Fulgence alijaribu kukasirika, hasira ikagoma kuja. Bibi harusi, Leticia, akatoka ndani, akapiga magoti mbele yake. "Shikamoo, baba. Pole na safari."

"Marahaba, mwanangu," alisema, akamwinua kwa mkono.

"Cheo nitakirudisha," Lushinge akadakia, "mtani akishasugua sufuria lile kubwa."

Fulgence akavua koti, akainama. Katikati ya kusugua akasimama, steliwaya mkononi, akaanza hotuba aliyoitunga tangu Songea: habari za babu, za shamba, za Saimon kuchelewa kutembea. Saimon, aliyesimama mlangoni, alicheka huku akifuta machozi. Mashangazi wakapiga vigelegele mara mbili, kisha mmoja wao akasema kwa upole, "Baba mkwe, fupisha. Maji yanapoa."