Kumtafutia Bibi Mkubwa Mrithi

Fundi bomba alikuwa na wake wawili. Mkewe mwenyewe ndiye aliyekuwa akisema hivyo. Wa kwanza alikuwa pikipiki ya buluu, tanki limechubuka ubavuni, aliyoinunua mwaka mmoja kabla ya ndoa. Mkewe, nesi wa zahanati, aliibatiza Bibi Mkubwa, na kwa miaka kumi na minane alipanda nyuma yake kila asubuhi kwenda kazini. "Mimi ni mdogo," aliwaambia wenzake, "naheshimu zamu." Kuendesha alijua pia. Alifundishwa na mumewe siku za mwanzo za ndoa, akachukua leseni kwa ubishi tu, na hadi leo anaihuisha bila kuitumia.

Jumanne iliyopita utani uliisha. Katikati ya mlima wa kwenda zahanati, gia ya pili iligoma kuingia. Bibi Mkubwa akakata mwendo, akaanza kurudi nyuma, na lori lililowafuata likafunga breki likiwa limebakiza hatua mbili. Nesi alishuka akamalizia kwa miguu. Jioni alisema hapandi tena kitu kile mpaka kipatikane kingine, maana mtoto wao yuko darasa la sita na bado anahitaji wazazi.

Rafiki wa mumewe, fundi wa pikipiki, aliifungua giaboksi mara mbili. Mara zote mbili alifuta mikono kwa kitambaa, akasema haina kasoro, itatuzika sote. Fundi bomba akamwambia usoni kwamba kazi imemshinda. Watu waliokuwa wakitaniana tangu ujana wakaachana wamenuniana.

Ndipo Jumamosi hii fundi bomba akajikuta kwenye uwanja wa muuzaji wa pikipiki, moyo mzito. Mkewe alikuja kwa miguu, kwa kuwa alikuwa amesema, na huyu mama akisema amesema. Muuzaji alipokea kitambulisho na ufunguo wa Bibi Mkubwa viwe dhamana, akawaruhusu kujaribu.

"Zunguka hapa uwanjani, utaona mwenyewe," alisema.

"Pikipiki haipimwi kwenye tambarare," fundi bomba alijibu. "Inapimwa mlimani, na mke akiwa nyuma."

Nyekundu ilikuwa ya kwanza. Barabarani ilikimbia vizuri, na kwa aibu kidogo fundi bomba alijikuta anaifurahia. Walipoanza kupanda ule mlima, nesi alimkaza kiuno. Gia ya pili ikagoma. Akakanyaga mara moja, mara mbili, ya tatu ikaingia kwa kishindo mpaka kofia zao zikagongana.

"Hii ngumu," alimwambia muuzaji waliporudi.

"Ngumu? Mbona wenzako hawalalamiki?"

"Wenzangu hawajui pikipiki. Lete ile nyeusi."

Kwenye nyeusi alikuwa ameshaanza kutokwa jasho. Mlimani, pale pale pa Jumanne, alibana klachi akakanyaga gia. Hakuna kitu. Akakanyaga tena kwa nguvu zote. Pikipiki ikasimama, ikaanza kurudi nyuma, na honi ya basi ikalia mgongoni mwao. Alivuta breki, akateremsha mguu wa kushoto ajishikilie, lakini ardhi hakuipata. Mguu ulikuwa chini na yeye hajui kama uko chini. Walianza kulala upande, na wangelala kweli kama nesi hangekita mguu wake lamini na kusukuma kwa bega. Basi likawapita kwa upenyo mdogo, dereva akiwatolea maneno dirishani.

Waliikokota nyeusi hadi kando ya barabara.

"Na hii nayo bovu!" fundi bomba alifoka. "Siku hizi wanatengeneza takataka tupu!"

Nesi hakuwa akiitazama pikipiki.

"Kiatu chako kiko wapi?"

"Kiatu gani?"

Alitazama chini. Mguu wa kushoto ulikuwa peku. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa umeng'oka nusu, damu imetapakaa hadi kwenye kikanyagio cha gia. Kiatu chenyewe kilikuwa hatua ishirini nyuma yao, kimelala kifudifudi katikati ya barabara. Hakuhisi kikichomoka. Hakuhisi hata ukucha.

"Kaa hapo kwenye jiwe," nesi alisema kwa sauti ya kazini. "Fumba macho. Nikikugusa, sema."

Alifumba. Alisubiri. Gari moja lilipita, kisha jingine.

"Haya, anza basi," alisema.

"Nimeshamaliza."

Alipofumbua macho, mkewe alikuwa ameshika kalamu, nayo ilikuwa na damu nchani.

"Tangu lini?" mkewe aliuliza.

"Mwaka jana ulikuwa unawaka moto. Halafu ukaacha. Nikajua umepona."

"Haukupona, baba. Ulikufa ganzi." Nesi alifungua mtandio, akaanza kuufunga ule mguu, machozi yakimtoka bila kujificha. "Hii itakuwa sukari. Kila siku nafunga vidonda vya miguu ya watu, na mguu huu nalala nao kitanda kimoja!"

Fundi bomba aliogopa, na hofu yake haikuwa ya sukari. Aliogopa kuambiwa asiendeshe tena.

"Inaweza kuwa pikipiki," alisema taratibu. "Mguu ni mguu, lakini Bibi Mkubwa ana kasoro yake."

"Sawa," mkewe alisema. "Basi kaa hapa usikilize."

Alivaa kofia, akawasha nyeusi, akateremka nayo kwa muuzaji. Fundi bomba alibaki juu ya jiwe, kiatu chake mkononi. Muda ulipita. Kisha kutoka chini kabisa akasikia mlio anaoujua kuliko sauti ya mama yake. Bibi Mkubwa alikuwa anapanda mlima. Na yule bwana aliyempenda miaka yote hiyo, aliyempaka mafuta kila Jumapili, akajikuta anaomba kimoyomoyo ashindwe. Agome mara moja tu, hapo hapo penye doa la damu.

Injini ilishuka sauti. Gia ya pili ikaingia kwa mguso mmoja, bila kishindo, na Bibi Mkubwa akaendelea kupanda.

Nesi alisimama mbele yake, injini inanguruma.

"Zahanati bado wako wazi. Panda."

Alipanda nyuma. Miaka kumi na minane, na hakujua mikono aiweke wapi.

"Shika kiuno, baba," mkewe alisema bila kugeuka. "Leo wewe ndiye mdogo."