Njano ya Choo cha Mtoto Mchanga

Wateja walimwita Mama Kipimo, kwa sababu hakukata kitu bila kukipima mara mbili, hata kipande cha karatasi ya gundi. Yeye na kaka yake walikuwa na karakana ya kuchapa mabango: chumba kimoja kirefu, mlango wa kioo, na katikati printa iliyokula nafasi kuliko kabati la nguo. Kaka alizungumza na wateja, dada akazungumza na mashine. Walielewana hivyo miaka yote.

Asubuhi moja muuguzi wa wodi ya watoto aliingia na bango alilolichukua jana yake. Hata kiti alikikataa. Alilitandaza mezani, akaweka kando yake kadi ndogo waliyoinakili kulitengeneza.

"Dada, hebu niangalizie. Hizi ni rangi moja?"

Lilikuwa bango la choo. Kaka alilicheka wiki nzima: maduara tisa makubwa kama sahani, kila moja na rangi ya kinyesi cha mtoto mchanga. Matatu ya juu yamepauka, hayo ni ya hatari. Sita ya chini ni ya njano, kijani na kahawia, ya watoto wazima. Mama alinganishe nepi na ukuta, ajue kama aende kwa daktari. Lakini kadiri bango lilivyoshuka, njano ilizidi kufifia, na duara la mwisho lilikuwa jeupe kama uji.

"Mama mmoja ameliona wodini akaangua kilio," muuguzi alisema. "Mtoto wake hana lolote. Na choo kikipauka kweli, ujue nyongo haishuki, ini liko hatarini, kila siku ina maana. Bango likidanganya, heri ukuta ubaki mtupu. Na saa tisa wauguzi wa vituo vya afya kumi na viwili wanakuja wodini, kila mmoja kuchukua la kwao."

"Sista, ondoa shaka," kaka alidakia. "Naongeza njano kwenye kompyuta, dakika mbili tu."

Akaongeza, akachapa. Duara la mwisho lilipata nafuu kweli. Ila yale matatu ya hatari nayo yakawa ya njano, yanapendeza.

"Hongera, daktari," Mama Kipimo alisema. "Umewaponya wagonjwa wote." Kisha akamgeukia muuguzi. "Sista, nenda kazini. Saa tisa utayakuta."

Mguu wa muuguzi ulipotoka tu, kaka akamkazia macho. "Umeahidi hata ugonjwa wa mashine huujui?"

"Ndiyo maana naanza sasa."

Alichapa karatasi ya majaribio, ile yenye vistari vyembamba vya kila rangi. Vya njano vilitimia vyote. Kaka akasema si unaona, kichwa kinachonyunyiza wino ni kizima. Mama Kipimo alichukua kitambaa safi. Alisafisha kichwa cha kuchapia, kisha akachapa utepe wa njano tupu wa urefu wa mita moja. Ulianza kama kiini cha yai, ukaishia kama maji ya kuoshea mchele.

"Kichwa hakina kosa," alisema. "Kina njaa. Wino haukifikii."

Alijifunga kitambaa kiunoni, akalala chali chini ya mashine na tochi mdomoni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye aliinama mpaka mgongo ukalalamika. Akaufuata mrija wa njano kiungo kwa kiungo, akigusisha kila kimoja karatasi laini nyeupe. Karibu kabisa na kichwa, pale palipo na kichujio kidogo kama kiberiti, aliona viputo vya hewa vikipita ndani ya mrija. Karatasi ilitoka na doa la njano. Pete ya mpira ya kiungo hicho ilikuwa imepasuka.

Kwenye kopo la vipuri palikuwa na pete moja. Akaifunga, akachapa mita nyingine. Utepe ukafifia tena, safari hii baada ya robo tatu. Pete ilikuwa pana kidogo, inapitisha hewa.

Saa saba ikapita. Kaka akashika simu. "Nimwambie kesho. Mashine si mtu, huwezi kuibembeleza."

"Iweke hiyo simu."

Alikaa sakafuni, vidole vimegeuka manjano hadi kwenye kucha, akaitazama mashine. Ilikuwa na nafasi mbili za rangi za ziada ambazo hawakuwahi kuzitia wino tangu wainunue. Nafasi hizo nazo zina viungo. Na viungo hivyo vina pete.

Akaichomoa moja, akaipima, akaipima tena. Ilikaa sawasawa.

Ilibaki kutoa hewa mrijani kwa bomba la sindano. Kaka alichuchumaa kumshikia taa.

"Jana nililiona limepauka," alisema. "Wewe ulikuwa umeshaondoka. Nikasema, aa, picha ya mavi hiyo, nani atajali?"

Mama Kipimo alimtazama. Akamnyooshea bomba.

"Shika sindano," alisema. "Vuta polepole. Kiputo kikipita, niambie."

Vilipita kumi na kimoja, kaka akivihesabu kwa sauti. Utepe wa tatu ulitoka wa njano ileile mwanzo mpaka mwisho.

"Ile njano yako ya kompyuta umeiondoa?"

"Nimeiondoa."

Akaenda kuhakikisha mwenyewe.

Muuguzi alifika bango la kumi na tatu, la wodi yake, likiwa bado linakauka. Alilipeleka kila moja mlangoni kwenye mwanga wa jua, kadi mkononi, akapita duara baada ya duara. Kaka alijifuta jasho mara tatu.

"Ndiyo yenyewe," muuguzi alisema mwishoni, akacheka kwa mara ya kwanza. "Hii hata kwa harufu nisingeikana. Na yale mawili mabovu yako wapi? Yasije yakabandikwa mahali."

"Nimeyakata vipande," alisema Mama Kipimo.

Kaka aliyabeba mabango begani akamsindikiza muuguzi mpaka barabarani. Aliporudi alimkuta dada yake chali chini ya mashine, tochi mdomoni, anakagua pete ya mrija wa samawati.