Dawa ya Mabega

Mume wangu ni fundi rangi, na kupaka dari humuumiza mabega. Alipoleta kichupa cha jeli kisicho na lebo akasema ni dawa ya misuli, sikumuuliza swali. Kila asubuhi akitoka kuoga nilimsugua mabega kwa viganja vyangu hivi, naye kafumba macho kama paka. Mapenzi upofu, na mimi sikuwa hata na fimbo ya kupapasia.

Kisha nikaanza kuota ndevu. Mimi, mwenye saluni, ninayewatengeneza wenzangu nyusi! Wifi yangu akanitania mbele ya wateja, "Wifi, bado kipara tu tukuite baba." Nikacheka naye, halafu nikaenda kulia chooni. Nikirudi nyumbani, mume wangu alikuwa akiniinua kidevu dirishani na kuzing'oa kwa kibano, taratibu, akinipuliza panapouma.

"Ni umri tu, mke wangu," alikuwa akisema. Nami nilimshukuru Mungu kwa kunipa mume yule.

Mwezi huu kifua chake kikavimba, chuchu zikawa haziguswi. Hospitali hataki. Nikamburuta.

Daktari alimpapasa, akauliza, "Ile jeli ya testosteroni, homoni ya kiume, umeongeza?"

Mume wangu akatazama sakafu. "Kidogo. Niliona haifanyi kazi."

"Ikizidi, mwili hugeuza sehemu yake kuwa estrojeni, homoni iliyo nyingi kwa wanawake. Mafuta ya tumboni ndiyo huigeuza zaidi. Turudi kwenye dozi ya chini, tupime damu, na tumbo hilo lipungue. Usije ukanunua vidonge vya kuzuia estrojeni kwa kubahatisha. Na unajipaka mwenyewe, unanawa mikono, unafunika kwa nguo? Nilikuonya siku nilipokuandikia kwamba ikimgusa mkeo, ataota ndevu."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema, lakini changu nilikisugua mwenyewe. Mkono ulioshika kibano ulijua ndevu zinatoka wapi.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Niliogopa utaniona si mwanamume."

"Ukaona heri mimi nijione si mwanamke. Na ukanipuliza!"

Alinyoosha mkono anishike. Nikamwambia asiniguse, nikakunja mkono wa blauzi, nikamwomba daktari anitoe damu mimi kwanza.