Kidonge Mkononi mwa Esinam

Tangu mkewe afariki, mzee Agbeko, mfumaji wa vitambaa vya kente katika mji wa Agbozume, Ghana, hakucheka tena, na hata bakuli la akple, ugali wa kwao, lilimshinda. Kisha nyuzi zake zikaanza kupotea, akamshuku binti yake, Esinam.

"Unaniibia ili nionekane mwehu!"

"Baba, umezikalia."

Akainuka, akaziona, akazidi kushuku: nani kaziweka hapo?

Esinam akampeleka zahanati, ambako muuguzi alimhoji kwa upole, akasema, "Mzee, huzuni ikikaa sana, kumbukumbu nazo huweza kufifia. Tutibu huzuni kwanza, tuone."

Nyumbani Esinam akampa kidonge walichopewa na muuguzi. Agbeko akamkazia macho.

"Kama si sumu, mbona mkono unatetemeka?"

"Naogopa utanisahau, baba."

Akakimeza, lakini macho hakuyabandua.