Lori Lilikata Kushoto

Kwenye filamu mimi nina kiuno. Msinicheke, nasema ukweli. Dada aliyeniigiza ni mwembamba kama uzi, kavaa gauni jeupe ambalo halijawahi kuingia stoo yoyote ninayoijua, na anapowakabidhi wale wafungwa watatu ufunguo wa lori machozi yanamlengalenga, anawaambia nendeni, nchi inawategemea. Ukumbi mzima hupiga makofi. Nimeiona mara nne, zote nimeburutwa na wajukuu, na zote nimekaa pale nimekunja uso, watu wakidhani ni uchungu wa kumbukumbu. Uchungu gani! Ni hasira. Sikusema hata neno moja kati ya yale, na gauni langu lilikuwa la kahawia, limechanika kwapani.

Nilikuwa mtunza stoo wa hospitali, vita vikiwa mwaka wa pili. Mji ulikuwa upande huu wa mto. Ng'ambo, ndani ya shule iliyofungwa, walilazwa majeruhi arobaini na kitu, na mmoja wao alikuwa mume wangu. Risasi ilimpata chini ya goti na kidonda kikaanza kuoza. Daktari wa kule alinitumia kikaratasi: dawa zisipofika leo, usimsubiri tena. Dawa zilikuwa kwangu, makasha kumi na manne, yameshuka kwenye treni asubuhi ile. Lori lilikuwepo, mafuta yalikuwepo. Daraja tu ndilo lilikuwa linapigwa mizinga, na madereva wote wawili wa hospitali wakaugua tumbo siku moja, saa moja, kama mapacha. Mimi kuendesha sijui. Nilizunguka mji mzima nikibembeleza wanaume wenye leseni, na kila mmoja alikuwa na mama mgonjwa.

Saa saba mchana wakaja watatu wenye magwanda ya jeshi. Wakasema wamesikia natafuta dereva.

Sasa, siku mbili kabla yake bomu lilikuwa limeangukia gereza na ukuta mmoja ukalala chini. Matangazo yalibandikwa mpaka kwenye milango ya vyoo: atakayeona mfungwa aliyetoroka awaarifu wanajeshi wa kizuizi cha barabara kuu, atakayekamatwa atapigwa risasi papo hapo. Kwa hiyo nikawaangalia hawa wageni wangu kuanzia juu mpaka chini. Wa kwanza, mwenye maneno, shati lilimbana mpaka vifungo vinalia. Wa pili mikono ya shati ilimfunika vidole. Wa tatu, bonge la mtu, alikuwa na gwanda zima la sajenti na miguuni kavaa ndara. Nikawauliza kikosi gani. Usafirishaji, akasema mwenye maneno. Na kamanda wenu ni nani? Akataja cheo vizuri sana, jina akalimeza.

Machale yakanicheza, lakini nikajikaza. Nikawaambia makasha yako ndani, ingieni mchukue. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, haujafungwa, hata mbuzi angeusukuma kwa kichwa. Wakaufikia, wakasimama. Wakajipanga mstari mmoja, mikono ubavuni, macho chini, wakangoja.

Mjomba wangu alikula jela miaka minne. Aliporudi alikuwa anasimama hivyo hivyo kwenye kila mlango mpaka mtu amfungulie, hata mlango wa chumba chake mwenyewe. Mkewe alikuwa anamfungulia huku analia. Jela inamfundisha mtu kwamba mlango si wake, na akishajifunza hasahau. Nilipowaona wale watatu wamesimama mbele ya mlango wangu wa mbao, sikuhitaji tangazo.

Mwenye maneno akageuka, akaniona ninavyomtazama. Akajua.

"Umeshatujua, dada," akasema.

"Nimewajua."

"Basi sema. Tupakie, au tuondoke?"

Nikamuuliza alifungwa kwa kosa gani. Akajibu bila haya kwamba alikuwa anatengeneza vyeti vya kughushi, na kwa sababu vingi vilikuwa vya ualimu wenzake walimwita Mwalimu. Mwenye shati la mikono mirefu alikuwa dereva wa magendo. Bonge hakusema, na mimi sikuuliza, kuna mambo ni afadhali uyasikie siku nyingine. Nikawauliza kwa nini wasikimbie tu kama wenzao. Mwalimu akasema nchi ikichukuliwa watakimbilia wapi, tena bora wafe wakiwa na kazi mkononi. Maneno matamu. Na mimi nikawaza, huyu ndiye aliyewauzia watu vyeti, atashindwa kuniuzia maneno?

Moyo wangu ulikuwa umegawanyika katikati. Niseme wazi: niliwaogopa, na niliwachukia kwa kuwa wao ndio pekee waliokuja. Dawa zile zingeuzwa kwa bei ya dhahabu popote. Lakini zikikaa stoo, mume wangu anakufa. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Wakapakia. Nikatoa ufunguo, nikamwambia Mwalimu kuna mtu wangu kule, mrefu, ana kovu kwenye nyusi, mguu wa kushoto, na kama kweli wao ni watu basi wasirudi bila yeye. Akaitikia kwa kichwa. Akasema, "Tutamleta." Hakuna nchi iliyotajwa hapo.

Na sasa sikilizeni ujanja wangu, maana nilijiona mjanja kweli. Kutoka hospitali barabara inafika njia panda. Ukikata kushoto, daraja. Ukikata kulia, kizuizi cha wanajeshi, na ukishakipita dunia yote ni yako. Nikasema moyoni, kama ni waaminifu watakata kushoto na hakuna litakalowapata. Kama ni wezi watakata kulia. Lori halijatoka getini nikawa nimeshika simu.

Kwenye swichibodi ya mji alikaa shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, kijana mpole ambaye kutwa nzima alichomeka na kuchomoa waya na hakuwahi kurudia neno alilolisikia humo. Nikamwomba aniunganishe na kizuizi. Nikamwambia sajenti wa pale kwamba lori la hospitali likifika kwake, waliomo ni wafungwa waliotoroka. Akasema ameelewa. Nikakata, nikakimbilia juu ya paa la stoo kuangalia.

Lori lilifika njia panda. Likasimama kidogo, roho ikanitoka. Likakata kushoto. Nililiona likiingia darajani, mzinga ukapiga maji pembeni, likapotea kwenye moshi, likatokea ng'ambo. Nikalia peke yangu juu ya mabati kama mtoto.

Niliposhuka simu ilikuwa inaita. Ni shemeji. Naye alikuwa ameliona kutoka dirishani kwake.

"Shemeji, wamevuka," akasema. "Niwapigie wale wa kizuizini niwaambie waache?"

Hapo ndipo. Ningesema neno moja tu, ndiyo. Lakini mtu akishazoea kushuku ni kama kujikuna, mkono unakwenda wenyewe. Nikawaza, kuvuka si kufika. Nani kaniambia hawatauza huko huko kwa adui na kurudi na lori tupu?

"Acha kwanza," nikamwambia. "Hatujui watafanya nini."

Akasema sawa, shemeji. Akakata.

Saa kumi daraja likavunjika. Tulisikia mshindo mmoja mzito, na vumbi lilipotulia katikati palikuwa na pengo. Nikajua lori halirudi leo, na nikaanza kupanga vitambaa stoo ili mikono yangu iwe na kazi. Kilichonipita, mimi niliyezaliwa kwenye mto ule, ni kwamba kuna mahali chini kabisa, mwendo wa nusu saa, ambapo maji ni mapana na kina kinaishia magotini. Lori linapita. Na ukishavuka pale, njia inakutoa barabara kuu, nje ya kizuizi. Unaingia mjini kwa kupitia mikononi mwao.

Mengine aliniambia mume wangu, aliyekuwa amelala ndani ya lori. Daktari alipokea makasha yote kumi na manne, hakuna hata moja lililofunguliwa. Akachagua majeruhi kumi na mmoja wenye hali mbaya zaidi wakapasuliwe mjini, akasema basi, lori limejaa. Mume wangu hakuwemo kwenye orodha. Mwalimu akamwambia daktari kwamba yule mwenye kovu asipopanda lori haliondoki, na Bonge akambeba mgongoni, wa kumi na mbili. Majini lori lilikwama, Bonge na Mwalimu wakashuka kusukuma, ndara zikachukuliwa na maji. Mume wangu anasema walikuwa wanacheka.

Kizuizini wakaambiwa washuke. Sajenti akauliza kama wao ni wafungwa. Mume wangu alikuwa anachungulia kwenye tundu la turubai na alisikia kila kitu.

"Tulikuwa," Mwalimu akasema. "Kuna majeruhi kumi na wawili nyuma. Mmoja ana mke anamsubiri, msitucheleweshe."

Waliwapiga risasi kando ya mtaro, wote watatu. Halafu wakagundua hakuna mwanajeshi anayejua kuendesha lori lile. Walilisukuma kwa mabega mpaka hospitali, na majeruhi mmoja akafia njiani.

Mume wangu alikatwa mguu, akapona. Wiki ya pili alipopata nguvu ya kuongea, neno lake la kwanza halikuwa njaa wala maumivu. Alitaka kujua nani aliwauza wale watu. Sajenti alikuwa amesema simu ilitoka mjini, sauti ikikwaruza hata hakujua ni ya mwanamume au mwanamke, na simu za mji mzima zilipita mkono mmoja. Akamwita mdogo wake, akamuuliza. Mimi nilikuwa nimesimama na beseni la bandeji chafu. Shemeji akaniangalia mara moja, akaangalia kile kisiki cha mguu wa kaka yake, akasema, "Nilipiga mimi. Nilihisi tu ni wafungwa."

Nikanyamaza. Beseni mkononi, mdomo mimi ninao, nikanyamaza. Nilijiambia nitasema akipona. Alipona, nikajiambia nitasema mtoto akizaliwa. Maji yakishamwagika hayazoleki, na mimi nilikuwa natafuta ndoo miaka na miaka.

Mume wangu hakuongea tena na mdogo wake. Wale watatu wakafanywa mashujaa, barabara ikapewa jina lao, na baadaye ndiyo ikaja filamu, ambamo msaliti ni kijana wa swichibodi mwenye kisharubu na tabasamu la fisi. Watoto walimzomea shemeji mtaani. Alipoteza kazi, hakuoa, akawa anatengeneza redio kwenye kichumba ambacho wengi walikataa kupeleka redio zao. Mimi nilipeleka yangu, kwa siri, mara mbili. Hakunitoza, wala hakunilaumu, na ningefurahi sana kama angenitukana.

Mwaka huu tumemzika mume wangu. Watu waliporudi nyumbani kutoka makaburini nikamwona shemeji, mzee sasa, amesimama nje ya ukuta wa nyumba yetu, kofia mkononi. Nikamfuata. Nikamwambia leo nasema, imetosha.

"Alikufa anakuamini?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Basi acha, shemeji. Watu wameshazoea kwamba ni mimi."

Mwanangu mkubwa akatoka getini. Akamwambia mzee hapa huna ndugu, tuachie msiba wetu. Damu ikanichemka. Nikasema mbele ya waombolezaji wote, kwa sauti ambayo sijaitumia tangu ujana, kwamba simu ile nilipiga mimi, na nilipoulizwa kama ifutwe nilikataa.

Mwanangu akanitazama kwa huruma, akaniwekea mkono begani.

"Mama, umechoka," akasema.

Nikarudia. Nikataja saa, nikataja sajenti, nikawaambia wamuulize huyu hapa. Wakamgeukia shemeji, naye akatikisa kichwa taratibu, akasema mama yenu ana majonzi, mpelekeni alale. Wanawake wakanishika kwapa huku na huku. Mmoja akasema msiba humchanganya mtu, hata marehemu mama yake ilikuwa hivyo hivyo. Mji huu unashuku mpaka mbwa wa jirani, na siku hiyo hakupatikana hata mmoja wa kunishuku mimi. Wakanilaza, wakanifunika shuka, wakaniletea maji ya kunywa.

Dirishani nilimwona mwanangu akimtoa shemeji kwa kumshika kiwiko, kama anavyotolewa mwizi, na yule mzee akienda bila kubisha.