Alama Mbili za Propela

Kofi la tatu lilipotua shavuni mwa dereva, fundi alikuwa amelala chali chini ya gari, ameishika propela, lile bomba refu linalopeleka nguvu ya injini nyuma, kwa mikono miwili, anaitikisa.

"Huyu ameua giaboksi yangu," Tajiri alisema kule juu. "Kweli si kweli, Sikio?"

"Bado naangalia, Tajiri."

"Angalia. Ikiwa ni giaboksi, leo shemeji yangu atarudi kwa dada yangu amebebwa kama gunia."

Fundi waliitwa wengi pale mtaani, lakini Sikio alikuwa mmoja, kwa sababu alisikiliza gari kama mkunga anavyosikiliza tumbo. Asubuhi hiyo yeye na dereva, huyo shemeji mwenyewe, walikuwa wamelizungusha gari hilo kuukuu, na mlio ukawafuata: gru, gru, gru, kama mtu anayetafuna mchanga. Walipounganisha magurudumu ya mbele yasukumwe na injini pamoja na ya nyuma, ulikuwepo. Walipoyaachia ya mbele, ulikuwepo vilevile. Basi ubovu ulikuwa nyuma. Ila shaka si jibu, na Tajiri, mwenye gari, aliwapokea getini mkono umeshainuka.

Kutoka chini Sikio aliona miguu tu. Viatu vyeusi vya Tajiri vilisogea mbele, kandambili za dereva zikarudi nyuma, moja ikachomoka, mguu ukabaki peku juu ya changarawe. Kisha magoti ya dereva. Kisha uso wake, shavu chini, damu inamtoka puani. Macho yao yakakutana.

"Endelea na kazi, kaka," dereva alinong'ona. "Usinijali."

Sikio akarudisha macho kwenye chuma. Krosi, kile kiungo kinachoiwezesha propela kujipinda, ilikuwa imekauka na kumwaga unga mwekundu wa kutu. Krosi haifi mapema hivyo bila sababu. Akafuta matope kwa kiganja. Mwezi uliopita, alipoifungua propela hiyo, alichonga alama mbili kwa tindo pale vipande vyake viwili vinapoingiliana. Alama hizo zilitakiwa kutazamana. Sasa moja ilitazama juu, nyingine ubavuni.

Mwezi mzima propela ilikuwa ikijipiga yenyewe, na aliyeifunga ni yeye.

Siku ile jino lilimuuma hadi machozi, akafunga harakaharaka ili akalale. Dereva ndiye aliyemchemshia maji ya chumvi asukutue.

Teke likatua mbavuni mwa dereva, kwa sauti ya mlango wa mbao unaofungwa kwa hasira.

Angeweza kunyamaza. Afungue bolti nne, azungushe kipande kimoja cha propela robo mzunguko, abadilishe krosi, aseme barabara ni mbovu. Nani angejua? Tajiri hakujua hata tofauti ya difu ya gari na sufuria.

Akajivuta kwa mgongo hadi nje, akasimama.

"Tajiri, mwache. Giaboksi ni nzima. Propela niliifunga vibaya mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Yeye hana kosa."

Tajiri akaokota spana ya magurudumu. Pengine aibu ndiyo iliyompanda kichwani. Aliyempiga asiye na kosa hutafuta upesi wa kummalizia hasira. Mkono wa kulia wa Sikio ulikuwa umeegemea ubavu wa gari. Pigo la kwanza likavunja vidole viwili. La pili lilikuwa linashuka kichwani, lakini dereva, ambaye muda wote ule hakuwa amejitetea, aliinuka ghafla, akaidaka spana hewani na kuing'ang'ania.

"Shemeji, imetosha. Nikamwambie nini dada yako?"

Walivutana hadi wote wawili wakapiga magoti. Kisha Tajiri akaiachia, akaenda kusimama ukutani, amewapa mgongo, anahema.

Dereva akachana shati lake, akavifunga vidole vya fundi kwenye kipande cha mti, taratibu, kama anayemfunga mtoto nepi.

"Pole, kaka."

"Pole wewe. Uso umekuwa kama boga."

"Kwani ulikuwa mzuri lini? Twende hospitali."

"Kwa gari gani? Tuifunge upya kwanza."

Wakaingia chini wote wawili, mmoja na maarifa yake, mwingine na mikono yake. Dereva akafungua bolti ya nne, propela ikamteremkia kifuani.

Hapo gari likacheza. Magari ya zamani kama lile, breki ya mkono hushika propela, si magurudumu, kwa hiyo bolti zilipotoka haikushika chochote, na jiwe lililozuia tairi lilikuwa limepigwa teke wakati wa ugomvi. Gari likarudi nyuma upana wa kiganja, likasita.

"Usitikisike," Sikio alisema.

Viatu vyeusi vikaja. Vikasimama kando ya gurudumu la nyuma, karibu sana, tone la damu limekauka kwenye ncha ya kimoja. Dereva akabana pumzi. Kiatu kikainuka.

Kikasukuma jiwe hadi chini ya tairi, kikalikanyaga likae sawa. Halafu vikabaki palepale, ncha zimewaelekea.

Sikio akaigusa ile alama ya ubavuni kwa mkono wa kushoto.

"Zungusha," alimwambia dereva. "Polepole."